Kengele Namba Tisa

Jamani, leo nimeaibika mchana kweupe, mbele ya wanafunzi wangu mwenyewe. Ndugu zangu, wewe wa Kipili na wewe wa Matai, isomeni barua hii mkiwa mmekaa.

Mnajua darasa langu la umeme linavyosemwa. Mwalimu mkuu anaona afadhali wavulana wafundishwe useremala tu. Umeme wenyewe Sumbawanga uko wapi? (Kwenye betri za tochi, nikamjibu. Hakucheka. Hajawahi kucheka.) Leo akaja Mkaguzi wa shule, Mzungu anayesema Kiswahili polepole kama anayehesabu mayai, aamue darasa libaki au lifungwe.

Nikajiandaa. Wanafunzi wangu wanane walikuwa wametengeneza kengele za umeme kwa misumari, waya na bati la makopo. Mimi nikatengeneza karatasi ya alama, na ukali wangu mnaujua. Alama kumi kengele ikilia bila kukatika. Tano maungio ya waya yakiwa imara. Tano mwenye kazi akieleza umeme unapita wapi. Kazi ziwe na namba, si majina, mtu asipendelewe. Betri isibadilishwe kazi ikishawekwa mezani. Anayeshindwa anarudia Jumamosi. Na chini kabisa, kwa wino mwekundu: kila kisingizio, toa alama mbili.

Halafu kiburi kikanipanda. Nikaweka na kengele yangu mezani, namba tisa, Mkaguzi aone kazi ya fundi inavyokuwa. (Nani alinituma? Hakuna.) Ubaya ni kwamba asubuhi nilikuwa nimeshailiza mbele ya kila mtu: walimu, mpishi, hata mama aliyeleta ulezi jikoni. Ilikuwa inalia vizuri mno!

Mkaguzi akaanza kupima, karatasi yangu mkononi, mwalimu mkuu nyuma yake. Namba tatu ilikuwa ya Desderi wa kijiji cha Pito, kijana ambaye mwaka mzima sijamsikia akifungua mdomo. Ikalia mpaka mbuzi wa nje wakashtuka. Akafika namba tisa, akabonyeza. Ikasema "trr", ikanyamaza. Akabonyeza tena. Kimya.

"Mwenye kazi namba tisa asimame, aeleze."

Wavulana wote wakainama kutazama miguu yao. Nikasimama.

"Bwana Mkaguzi, betri imechoka, asubuhi ilitumika sana."

Akaipitia karatasi mpaka chini. "Toa mbili."

"Na baridi ya huku juu nayo..."

"Toa mbili."

"Lakini hiyo karatasi nimeiandika mimi!"

Mkaguzi akasita. Ndipo nyuma yangu ikatoka sauti ya upole, ya Desderi: "Samahani mwalimu, hicho nacho ni kisingizio."

Darasa zima likaangua kicheko. Aliyeanza ni mwalimu mkuu! Nikapata tano za maungio, nikakatwa sita. Nimeshika hasi moja, ndugu zangu. Sikujua karatasi yangu inaweza kufika huko.

Mkaguzi akaandika kwamba darasa libaki, maana karatasi isiyomwogopa hata mwalimu inapima kweli. Mwalimu mkuu akaniita pembeni, akanishauri niufute ule mstari mwekundu, nijihifadhi. Nimekataa! Haufutwi ng'o, hata ukinikata hadi nikose pa kukatwa.

Wanane wote wamefaulu. Kwa hiyo Jumamosi narudia peke yangu, na wa kunipima ni Desderi. Chekeni sasa mmalize. Siku hiyo nataka kimya, kengele isikike.