Pluto Kwenye Ngitili ya Baba Mkwe

Jamani, leo nimejivua nguo ukweni. (Siyo nguo zenyewe, tulieni.)

Nilikwenda Shishiyu kujitambulisha kwa wazazi wa Kabula, mchumba wangu. Nikavaa suti. (Jua la Maswa na suti, ndiyo.) Tangu natoka Bariadi nafanya mazoezi ya salamu, maana Kabula alishanionya: baba yake akisema hapana, ni hapana. Mshenga wangu, mzee Masanja, akaniagiza nisalimie, nikae, ninyamaze.

"Mwangaluka, baba." Nikasalimia. Nikakaa. Kunyamaza ndiko kulikonishinda.

Lakini mzee, baba yake Kabula, ndiye aliyeanza!

"Nasikia unafundisha jiografia. Sisi tulisoma sayari tisa. Siku hizi mnasema nane. Ile moja mmeipeleka wapi?"

Nikajua huu ni mtihani. Nikaeleza kwamba Pluto bado yupo, ila ameshushwa cheo, sasa anaitwa sayari kibete. Analizunguka jua kama wenzake, na ni duara kama wenzake. Kasoro yake ni moja: hajasafisha njia yake. Sayari kamili imeitawala njia yake, lakini Pluto anapita katikati ya mawe na mabarafu mengine kibao.

"Sijaelewa," mzee akasema.

Jasho likaanza kunitiririka mgongoni. Mshenga akanikanyaga mguu. Nikadhani ananitia moyo.

"Baba, chukulia ngitili," nikasema. (Ngitili ni malisho ambayo mtu anayafunga kwa ajili ya kiangazi. Ng'ombe wa mwingine haruhusiwi kukanyaga.) "Mwenye ngitili yenye ng'ombe zake tu, huyo ni sayari. Mwenye ngitili halafu ng'ombe za watu zinajilia humo humo, huyo ndiye Pluto. Mji anao, jina analo, lakini kukamilika bado!"

Nikacheka. Peke yangu. Kabula akainamisha kichwa. Mama yake akabeba sufuria akaingia ndani. Mshenga akashikwa na kikohozi.

Kumbe ng'ombe wa jirani wamevamia ngitili ya mzee tangu wiki iliyopita, na kesi iko kwa mwenyekiti wa kijiji! Shishiyu nzima inajua. Kasoro mimi.

"Kwa hiyo mimi ni Pluto," mzee akasema taratibu.

Mzee akanyanyuka, akachukua fimbo pale ukutani. Nikafumba macho. (Nisingeweza kukimbia, na viatu hivi.) Akanikabidhi fimbo.

"Kasafishe njia, mwalimu. Ng'ombe za jirani zikishatoka, ndiyo tutaongea habari za binti."

Naandika haya nikiwa ngitilini. Suti imejaa mbigili. Kabula hapokei simu, na mshenga eti amepata udhuru. Nikiwatoa ng'ombe upande huu, wanaingia upande ule. Dume moja linaniangalia vibaya tangu nifike.

Naomba msicheke. Nimeanza kuona kwamba Pluto alionewa.