Shilingi Arobaini Ndani ya Kitambaa

Jumanne, 1 Novemba 1955

Nimepata njia ya kumwoa Bi Saleha. Imenijia nikiwa kwenye cherehani, namalizia kanzu ya Mselem, yule mchuuzi wa mbata mwenye makeke.

Bi Saleha ndiye mshika ufunguo wa sanduku la michango pale bustani ya Makorora. Bustani ya watu wote, haina kiingilio wala mwenye kupata faida. Miche inakauka, wanataka bomba la maji. Wametangaza kwamba mbegu na ndoo zimetosha, sasa watu watoe fedha taslimu.

Ijumaa iliyopita Mselem alitoa shilingi kumi, akataka jina lake lisomwe mara mbili. Bi Saleha akakunja uso. Nilimsikia akimwambia shoga yake kuwa mume atakayemkubali ni yule anayetoa bila kujitangaza.

Basi nitatoa bila kujitangaza. Halafu ajue ni mimi.

Jumatano, 2 Novemba

Shilingi arobaini! Zilikuwa za baiskeli. Si neno, miguu ninayo.

Nimezifunga ndani ya kipande cha kitambaa na kukitia darizi yangu pembeni, ile ambayo Tanga nzima hakuna fundi mwingine anayeiweza. Bi Saleha akiiona tu atajua ni mkono wa Kombo. Kitambaa chenyewe ni melimeli ya mistari kutoka Mombasa, masalio ya kanzu ya Mselem. Kinachobaki mezani ni cha fundi, ndiyo desturi yetu, ila si desturi kumwambia mwenyewe. Mselem nilimwambia kimetosha kwa taabu. Nikamfupishia mikono kidogo ili aamini.

Ijumaa, 4 Novemba

Sanduku limefunguliwa baada ya alasiri, watu wamejaa. Mzee Mwinyijuma, mwenyekiti na ami yake Bi Saleha, akasoma majina, kisha akainua kifurushi changu. Hakina jina. Shilingi arobaini! Watu wakaguna.

Bi Saleha akakipokea. Akaitazama darizi. Akainua macho, akamtazama Mselem, aliyesimama mbele na kanzu yake mpya. Melimeli ya mistari. Darizi ile ile shingoni.

Akatabasamu. Mselem akaapa kwamba si yeye. Mzee Mwinyijuma akasema huo ndio unyenyekevu unaotakiwa. Mselem akaapa tena, watu wakazidi kumwombea dua.

Jumapili, 6 Novemba

Mselem ameacha kukana. Sasa akiulizwa anainamisha macho tu. Mnafiki mkubwa! Bi Saleha amempelekea vitumbua. Harufu ya vitumbua hivyo imepita hapa barazani kwangu. Roho imeniuma, nasema kweli.

Jumanne, 8 Novemba

Nimekwenda bustanini kusema ukweli. Kwa miguu. Nimemkuta Bi Saleha anamwagilia asumini, ami yake yuko kando. Nikamwamkia mzee shikamoo, kisha nikasema yote: fedha ni zangu, sikutaka sifa, lakini sifa za uongo nazo hazifai.

Bi Saleha hakukasirika. Akaweka ndoo chini, akaniuliza taratibu, "Na kitambaa cha Mselem, fundi, kilifikaje kwako?"

Loo! Nikisema nilikikata, hakuna Makorora nzima atakayeniletea kitambaa tena. Nisiposema, mke ndiyo basi. Wote wawili wakaningoja.

Nikasema nilikuwa natania.

Bi Saleha akasema sadaka si jambo la utani. Mzee akanipa ndoo nimwagilie matuta matatu, nijifunze adabu. Nimeyamwagilia.

Jumatatu, 21 Novemba

Posa ya Mselem imekubaliwa. Bomba nalo limefika, maji yanatoka. Nimekwenda kunywa. Matamu. Nimekunywa mpaka tumbo likajaa, maana ni yangu.

Mselem ameniletea hariri ya kanzu ya harusi. Amenisihi mikono ya safari hii iwe mirefu. Nimemwambia asiwe na wasiwasi.

Alhamisi, 24 Novemba

Bustani sasa inataka viti vya kupumzikia. Fedha taslimu tena. Bi Saleha ameingia ndani, ni bibi harusi, na ufunguo wa sanduku amepewa Bi Sabiha. Bi Sabiha! Mpole, hajaolewa, na nasikia naye hapendi watu wa majisifu.

Nimebakiwa na shilingi ishirini. Nitazitoa bila jina. Kosa la kwanza nimeliona: darizi ilikuwa ndogo mno. Hii nimeitia kubwa, kwa uzi mwekundu, na kitambaa ni hariri, mtoto wa watu akishike kitu kizuri.

Mselem amekuja kuuliza kanzu yake. Nimemwambia kitambaa kimetosha kwa taabu. Mikono nimeifupisha kidogo tu.