Madirisha ya Seva na Karafuu za Shumba

Jumatatu, 6 Oktoba 2025
Bi Mwanamize, mwenyekiti wa ushirika wetu wa wavuvi, kanibana leo ofisini Konde. Makarani wapya kumi wafunguliwe akaunti kwenye seva, kompyuta kuu ninayoisimamia, kabla ya Alhamisi, la sivyo seva anakabidhiwa Seif. Seif! Karani asiyejua hata kuzima kompyuta vizuri. Na karafuu zangu Shumba zimeiva. Lakini mimi Masoud si mjinga. Seva itabaki Konde, madirisha yake ya usimamizi yatafunguka kwenye laptop yangu shambani. Nani atajua?

Jumanne, 7 Oktoba
Nimemwambia Bi Mwanamize najifungia chumba cha seva siku mbili, nisigongewe mlango. Akaniombea dua, masikini. Nikawasha feni, nikafunga kwa ufunguo, nikaacha makubadhi yangu mlangoni ili kila mtu ajue nimo. Kisha huyoo, Shumba, miguu peku!

Nimechuma pishi tano. Madirisha? Hata moja. Laptop inadai haioni skrini ya kuyaweka. Mke wangu Ruweida kauliza nimekuja kuchuma karafuu au kuchuma kompyuta.

Jumatano, 8 Oktoba
Nimepata! Nimeiamuru seva ifungue dirisha kwenye skrini namba sifuri. Haikulalamika. Dirisha sikuliona, nikarudia. Nikarudia tena. Mara kumi na moja, kwa ruhusa zote za msimamizi mkuu. Nikasema intaneti ya Shumba nzito, yatafika tu. Nikarudi kuchambua karafuu kutoka kwenye makonyo yake.

Saa nane, simu. Bi Mwanamize, kwa upole wa kutisha, kauliza niko wapi. Nikamjibu nimo chumbani, jasho linanitoka. Akasema ni ajabu, maana naye yumo chumba hicho hicho.

Kumbe makubadhi yamepitwa na Adhuhuri mbili, hayakutoka kwenda msikitini. Wakadhani nimekufa! Wakavunja mlango. Seif alishakwenda kuulizia jeneza, na kwa haraka nisiyoipenda. Mimi hawakunikuta. Wamekuta madirisha kumi na moja yametanda kwenye skrini ya seva yenyewe. Hiyo ndiyo namba sifuri.

Alhamisi, 9 Oktoba
Seif kamaliza akaunti zote kumi kwa madirisha niliyomfungulia mimi mwenyewe. La kumi na moja kalitumia kuniondoa. Miaka minne nimeilea seva ile, leo naandika jina langu, inasema hainijui. Nimeumia sana. Nimelia kidogo nyuma ya pakacha, Ruweida asinione. Kaniona.

Jumamosi, 11 Oktoba
Bi Mwanamize kanihurumia. Nabaki kazini, chini ya Seif, na kila asubuhi nibonyeze kidole kwenye mashine mpya ya mahudhurio. Nikashukuru, nikambusu mkono. Seif hajui kuiendesha mashine hiyo, kaniomba nimfundishe, na neno lake la siri kanipa mwenyewe. Nimeikagua. Imeungwa na seva, na ina dirisha lake zuri la kuandikia nani kafika na saa ngapi.

Jumatatu karafuu za bondeni zitakuwa tayari. Nimemwambia Ruweida asuke mapakacha mengine mawili.