Samaki wa Marehemu Twaha

Jumanne, 14 Januari. Mbagala.

Kosa la watu wengi ni kudhani kwamba maji yanayomfaa mtu yanamfaa na samaki. Sivyo. Maji ya bomba hutiwa klorini ili kuua vijidudu. Mtu akiyanywa hana neno. Samaki anayapitisha kwenye matamvua, yale mashavu yake mekundu, mchana kutwa, na klorini inamchoma humo humo. Nimefundisha kemia mpaka nikastaafu, nayajua haya. Ndiyo maana Bi Zuena kanikabidhi mimi funguo, si Badru.

Bi Zuena ni jirani yangu, mjane. Kaenda Kilwa kumwoza mtoto wa dada yake, anarudi Jumapili. Sebuleni kaacha tangi la kioo na samaki tisa wa marehemu mumewe, Twaha. Wanane rangi ya dhahabu. Wa tisa mweusi, mnene, macho yamemtoka. Ananitazama vile vile alivyonitazama marehemu kila nilipomsalimia mkewe.

Agizo lilikuwa moja: chakula kidogo asubuhi. Mpango wangu ni mkubwa zaidi. Nitabadilisha maji yote. Bi Zuena ataingia, ataona kioo kinang'aa kuliko enzi za Twaha, na wiki hiyo hiyo dada yangu Tabu atapeleka posa.

Naogopa, lakini. Samaki wakifa, hakuna posa. Mjane gani ataolewa na mtu aliyemmalizia samaki wa marehemu?

Nimejaza mapipa mawili ya maji ya bomba, yatulie mpaka kesho, klorini iruke. Nimeyafunika barabara. Mbu wa dengue si wa kuchezea.

Jumatano, 15 Januari.

Kazi imekwisha. Maji ya zamani nimeyamwaga yote. Sponji ya pampu, ile inayochuja maji ya tangi, ilikuwa na rangi ya udongo, aibu tupu! Nimeifua kwa sabuni hadi ikawa nyeupe.

Badru kapita. Ana kisima, anauza maji mtaani, na tangu mwaka jana hana mke. Nia yake naijua. Kasimama mlangoni akauliza samaki wamekosa nini hata wahamishwe. Kisha akajitolea kunipa maji ya kisima chake, bure, hayana dawa. Nikamweleza kwa utaratibu kwamba visima vya huku vina chumvi, na samaki wa maji baridi akiingizwa kwenye chumvi ghafla anadhurika. Akasema wateja wake hulalamika, ila hajafa hata mmoja. Kaondoka anacheka.

Tangi linang'aa. Mweusi bado ananitazama.

Alhamisi, 16 Januari.

Balaa. Nimewakuta wote juu ya maji, midomo wazi. Mweusi kajibanza pembeni, kainama upande. Nikanusa maji: dawa! Nikanusa pipa: dawa zaidi.

Mfuniko. Klorini hutoka majini kama gesi, na gesi inataka njia. Nimewafundisha hayo watoto wa watu maelfu, halafu mwenyewe nimeifungia pipani.

Hapo simu ikalia. Bi Zuena. Kauliza hali ya samaki. Nikasema wamechangamka, wananijia mpaka juu kunisalimia. Akasema kwa Twaha hawakuwa na tabia hiyo.

Nimeyajaza mapipa upya na kuyaacha wazi, neti tu juu yake. Kila geti likilia nasimama.

Ijumaa, 17 Januari.

Mmoja wa dhahabu kafa. Nimemzika chini ya mlimao. Nimejikuta nikimwomba marehemu Twaha radhi, kwa sauti, nikageuka kuangalia kama kuna mtu.

Maji ya mapipa sasa hayanuki. Nimebadilisha yote tena.

Jumamosi, 18 Januari.

Maji yamekuwa meupe kama ya kuoshea mchele. Nimekaa mbele ya tangi nikifikiri, na jibu likanijia likanitoa jasho. Ile sponji ya rangi ya udongo ilikuwa na vijidudu vyema, vinavyokula sumu itokayo kwenye kinyesi cha samaki. Nimeviua kwa sabuni. Mzunguko wa naitrojeni. Nimeusahihisha kwenye mitihani! Nikawapa watu sifuri.

Badru kachungulia dirishani. Kahesabu kwa kidole, taratibu.

"Mwalimu, mie shule sikufika mbali, ila juzi si walikuwa tisa?"

Nikamwambia mmoja yuko nyuma ya jiwe. Akasema hana haraka, atamsubiri atoke. Akaketi barazani mpaka adhana ya alasiri. Mimi nikaketi ndani, sithubutu kukohoa. Nimelitupia tangi kanga ili mweusi asinione.

Jumapili, 19 Januari.

Karudi. Hina bado mbichi mikononi. Kaiondoa kanga, kainama, katazama muda mrefu.

Nikaanza kueleza: klorini, mfuniko, naitrojeni. Kanisikiliza mpaka mwisho, ni mstaarabu. Kisha akasema, bila kupandisha sauti:

"Mwalimu, mie nilikuomba uwape chakula. Twaha alikuwa anatoa makopo mawili ya maji, anarudisha mawili, basi. Wewe ukikiona kitu kimetulia, roho inakuuma."

Nikaomba msamaha. Kaupokea. Nikadhani yamekwisha. Nilipofika mlangoni akaongeza:

"Na wifi Tabu... nilitaka kusema dada yako, Tabu. Akija, mwambie aje kunisalimia tu. Asibebe kitu."

Kumbe alikuwa anajua. Kumbe alikuwa anasubiri.

Jumanne, 21 Januari.

Funguo sasa kapewa Badru, awatazame samaki Bi Zuena akitoka. Kauliza afanye nini, kaambiwa asifanye kitu, na kwa kazi hiyo hana mpinzani. Nasikia maji yameanza kutakata yenyewe. Mweusi anakula.

Sikulala. Nimelitafakari jambo hili kisayansi na nimeona kosa halikuwa langu. Chanzo ni maji. Maji ya nyumba nzima ya Bi Zuena yanatoka kwenye tangi kubwa la juu ya mnara uani, na nina hakika halijasafishwa tangu Twaha afariki. Jana nimepanda nikachungulia. Chini kuna tope laini, rangi ya udongo, limetulia tuli. Nikashuka haraka kabla Badru hajaniona.

Kesho Bi Zuena anakwenda Temeke kwa shoga yake. Nitalimwaga lote na kulisugua hadi liwe jeupe. Akifungua bomba ataona tofauti, na Tabu atabeba kitu.

La kufanya leo: nunua brashi ya mpini mrefu.