Malalamiko Kuhusu Kikombe cha Kahawa Kwenye Gari la Vijana

Kwa Meneja wa Mauzo,
Duka la Magari Mapya.

Ndugu Meneja,

Pokea salamu zangu za heshima, nikitumaini kwamba wewe na wenzako wa ofisini mmelala vizuri. Siyaandiki maneno hayo kwa mazoea ya barua. Natumaini kwa dhati, maana usingizi ndio ulionishikisha kalamu.

Kwanza niombe radhi kwa kuchelewa. Mliponikabidhi lile gari dogo lililoinuka, mnaloliita gari la vijana, tulikubaliana nikae nalo wiki moja, kisha niwaandikie tathmini yangu bila kumwogopa mtu. Wiki imepita, na nyingine imeipita hiyo. Sikupuuza. Barua ya kwanza iliishia mdomoni mwa mmoja wa watoto wangu pacha, naye alianza kuitafuna palepale nilipokuwa nimewasifu. Ya pili niliimaliza, ila nilipoisoma asubuhi nikakuta mstari wa mwisho umeteremka mpaka ukingo wa karatasi na kuendelea mezani. Hii ni ya tatu.

Ili unikumbuke, mimi ni yule mshonaji wa sare za shule mliyemchagua kwa kuangalia mwaka wa kuzaliwa. Mlitaka vijana wachache wawajaribie gari. Wenzangu walikuja na miwani ya jua. Mimi nilikuja na pacha, mmoja mgongoni, mwingine kiunoni. Yule mfanyakazi wenu mwenye tai nyekundu akanitazama, akasema kwa upole, "Mama, magari ya familia yako upande ule." Nikamuuliza, "Kaka, kati yangu na wewe, mkubwa nani?" Akautaja umri wake. Amenipita mbali. Akanipa ufunguo.

Sifa za gari nitazitaja harakaharaka, maana hazina ubishi. Linakata kona kwa adabu. Breki zinasikia. Kamera ya nyuma inaona mpaka kiatu kilichodondoshwa na mtoto. Buti linameza kigari cha pacha, ukishang'oa magurudumu yote na kusema nalo taratibu. Siti ya nyuma inamfaa kijana yeyote asiye na magoti.

Shida iko kwenye dashibodi. Gari lenu, likihisi usukani unayumbayumba, huwasha picha ndogo ya kikombe cha kahawa kinachotoa mvuke, na chini yake maneno mawili: UMECHOKA. PUMZIKA. Kuhusu kikombe hicho nina malalamiko yafuatayo.

1. Kimeniambia ukweli bila kubisha hodi. Siku ile ya kwanza sikuwa hata nimelimaliza eneo la duka lenu vizuri, kikawaka. Ndugu Meneja, nilisimamisha gari pembeni nikalia. Tangu pacha wazaliwe nimeambiwa nimenenepa, nimekonda, nimenuna, nimetia chumvi mara mbili, nimevaa blauzi ndani nje. Hakuna aliyewahi kuniambia nimechoka. Likaja kuniambia dude la chuma tulilofahamiana nalo asubuhi ileile. Naona si sawa kwa gari kumsemesha mke wa mtu kwa upole kiasi hicho bila familia kutaarifiwa mapema.

2. Kimenigombanisha na mume wangu. Yeye ni fundi wa lifti, mtu mwema, lakini anaamini kila kitu duniani kina waya uliolegea mahali fulani. Nilipofika nyumbani nikamwambia, "Baba Pacha, nimechoka. Hata gari limeona." Akacheka.

"Hiyo ni sensa mbovu, kile kidude cha kuhisi. Nakutana nazo kila siku kazini. Mlango uko wazi, sensa inasema umefungwa."

Nikamuuliza, "Kwa hiyo mimi ni mlango?" Akasema yeye hajasema hivyo, nisimwekee maneno mdomoni. Akachukua ufunguo, akazunguka mtaa, akarudi akiupeperusha kama aliyeshinda kesi. Kikombe hakikumtokea. Kingemtokea vipi, mtu aliyeuchapa usingizi mpaka godoro likapata umbo lake? Akatoa hukumu kwamba kinachoyumbisha usukani wangu si uchovu, ni biskuti, kwa sababu naendesha kwa mkono mmoja huku wa pili ukigawa biskuti nyuma.

Ili haki itendeke, kesho yake niliwaacha watoto kwa bibi yao nikaenda kununua uzi peke yangu. Hakuna mtoto, hakuna biskuti, mikono yote miwili juu ya usukani. Kikombe kiliwaka kabla sijalipita duka la dawa la mtaani kwetu.

3. Kimeniharibia jina mtaani. Mama mkwe wangu, muuguzi mstaafu, aliposikia habari hizi alidai na yeye apimwe. Hajui kuendesha. Akapanda akakaa mbele ya usukani, mkoba mapajani, akaikazia macho dashibodi kama anayesoma joto la mgonjwa. Kimya. "Umeona, mwanangu?" akaniita. "Nimelea watoto saba na hiki kidude hakioni uchovu wowote." Nikamweleza kwa adabu kwamba gari halijawashwa. Akanijibu kwamba gari zuri halihitaji kuwashwa ndipo limjue mtu.

Akawaambia majirani. Wakaja mmoja baada ya mwingine, wakajipanga getini na kanga zao mabegani, kila mmoja akakaa mbele ya usukani wa gari lililozimwa, akashuka ameridhika. Mpaka ninapoandika, katika mtaa wetu mzima, ni mimi peke yangu niliyechoka.

4. Kikombe hakishauri, kinaamuru, na mimi nimelelewa kutii. Siku moja kiliniambia pumzika nikiwa mbele ya duka la vifaa vya ujenzi. Nikaegesha vizuri, nikalaza siti, nikapumzika. Nilikuja kushtushwa na mlinzi akigonga kioo, na nyuma yake watu wamejazana, mmoja ameshikilia mfuko wa misumari na machozi yanamlengalenga. Mume wangu alikuwa ameshapigiwa simu. Alikuja mbio na mkanda wake wa kazi kiunoni, huku abiria wake wakiwa wamening'inia kati ya ghorofa na ghorofa.

"Watu wamedhani umekufa!"

"Nilikuwa napumzika."

"Nani amekwambia upumzike?"

Nikamwonyesha dashibodi. Kikombe kilikuwa bado kinatoa mvuke.

5. Kimenizoesha vibaya. Siku hizi nikiulizwa soksi ziko wapi sijibu. Natoka, nazungusha gari mtaa mmoja, napiga picha kikombe kikiwaka, narudi nawaonyesha kama mgonjwa anayeonyesha cheti cha daktari. Picha hiyo nilimtumia hata mwalimu mkuu anayesubiri sare zake. Nilitegemea angenifokea. Akanijibu kwa unyenyekevu mkubwa akitaka kujua gari la namna hiyo linapatikana wapi, na kama lina siti ya kulala mwalimu.

6. Kikombe chenyewe ni picha. Kahawa sijaiona.

7. Hili ndilo kubwa, naomba ulisome umekaa. Nimefungua buti nikakuta mmeweka tairi la akiba, jeki, spana na pembetatu ya kuonya wenye magari. Maana yake mlikaa mkafikiri: tairi likichoka, litapokelewa na nani? Mkalitafutia mwenzake. Lakini mama akichoka mmemwekea mchoro. Mimi nashona, naelewa kazi ya mtu aliyekata kitambaa vizuri akasahau kuweka mikono. Anayemwamuru mama apumzike, huyohuyo ndiye anayepaswa kunyoosha mikono na kusema, "Lete huyo mtoto."

Kwa hiyo naomba kwa heshima zote mfanye moja kati ya mawili. Ama mkingʼoe kikombe, mziachie dashibodi zetu mambo ya mafuta na mwendo kama zamani. Ama kila gari mnalouza liwe na mshika watoto wa akiba, aliyekaguliwa kiwandani, mwenye mgongo imara, asiyeshtuka akitapikiwa, anayejua kwamba pacha wa kwanza halali bila kushikwa sikio na wa pili halali akishikwa popote. Kama sheria haziruhusu mtu kukaa kwenye buti, siti ya nyuma ipo, mradi awe na magoti ya kiasi.

Mkikataa yote mawili, basi tathmini yangu ni kwamba gari hili lisiuzwe kwa vijana kamwe. Kijana asiye na mtoto atakiona kikombe, atakunywa kahawa, ataendelea na safari. Kijana mwenye mtoto atakiamini. Na sisi wenye watoto tukikiamini wote kwa pamoja, Ndugu Meneja, asubuhi moja hakuna sare itakayoshonwa, hakuna lifti itakayopanda, na duka lenu halitafunguliwa, kwa sababu hata huyo mwenye tai nyekundu ana mtu anayempigia pasi shati, na mtu huyo ataambiwa apumzike.

Nakuomba ulitafakari jambo hili ukiwa nyumbani, na kabla ya kuuliza chakula kiko wapi.

Nisalimie wafanyakazi wote, wauzaji, waosha magari, na dada wa mapokezi aliyenishikia pacha nikisaini. Alimshika vizuri, na sijamsahau. Wasalimie pia vijana wenzangu wa miwani. Waambie nilikuwa mdogo kuliko wawili wao.

Ni mimi mwenye kuheshimu kazi yenu, niliyechoka kwa uthibitisho wa gari lenu,

Mama Pacha

Nyongeza: Barua ilikuwa imeshakunjwa, ikabidi niikunjue.

Wakati naiandika, Baba Pacha aliwachukua watoto wote wawili kwenye gari ili na hii ya tatu isiliwe. Alisema anaenda kununua balbu, anarudi sasa hivi. Alikawia. Baadaye nikalisikia gari getini, linanguruma bila kuzimwa. Nikachungulia dirishani. Ameketi mbele ya usukani, ameushika kwa mikono miwili kama vile bado yuko barabarani. Begani ana maziwa, sikioni ana kipande cha biskuti, nyuma pacha wanalia kila mmoja kwa sauti yake. Balbu sikuiona.

Nikatoka nikafungua mlango. Kikombe kilikuwa kimewaka.

"Ni sensa tu," nikamwambia.

Akatikisa kichwa. "Si sensa." Akaniuliza bila kunitazama, "Huwa wako hivi kila siku?"

"Leo wametulia."

Akashuka, akampelekea mama yake pacha mmoja. Mama akamuuliza, "Vipi, unaumwa?" Akamjibu, "Mama, nimechoka. Hebu mshike huyu." Mama mkwe wangu akampakata mtoto, akamfuta pua kwa ncha ya kanga yake. Halafu akasema, hakumlenga mtu, kwamba na yeye wale saba walimchosha sana. Ila enzi zake hakukuwa na wa kumwambia apumzike. Akanyoosha mkono wa pili. "Lete na mwenzake. Mama Pacha, nenda kalale."

Nimelala, Ndugu Meneja. Nimelala mchana kweupe, nguo zikaanuliwa na mtu mwingine.

Kwa hiyo yafute yote, namba moja mpaka namba saba. Kikombe kisiguswe. Mshika watoto wa akiba msihangaike naye, amepatikana kwa mama mkwe, na mwenzake ni Baba Pacha. Gari ni la vijana kwelikweli. Wauzieni, na muanze na wale watakaokuja wamebeba watoto, msiwaelekeze upande ule mwingine.

Mnaweza kuja kulichukua siku yoyote, nimeridhika. Ninachohitaji bado ni vitu hivi, naomba vitumwe mapema, vitangulie kabla ya atakayelichukua:

dawa ya kiwandani ya kusafishia siti, maana sabuni yetu imeshindwa na biskuti na siti ni zenu;

vipimo vya shati vya yule mhandisi aliyekibuni kikombe, yaani mabega, kifua, shingo na urefu wa mkono, nimshonee moja kwa mkono wangu;

na picha ya kikombe hicho pamoja na maneno yake mawili, ya kubandika, kubwa kiasi cha kusomeka na mtu aliyesimama koridoni anayetafuta soksi. Itakaa kwenye mlango wa chumba cha kulala, upande wa nje.