Toleo la Tatu Lina Adabu

Kwa niaba ya Kamati ya Kudumu ya Majaribio ya Muda, ambayo mimi ni katibu wake, ninayo heshima kuutangazia umma kwamba Kurugenzi ya Malalamiko ya Majengo ya Umma imeacha rasmi kusoma barua zenu. Sasa zinasomwa na mashine, tena kwa uangalifu ambao sisi hatukuwahi kuwa nao.

Kwa wasiofahamu mambo haya nitaeleza polepole, kama nilivyoelezwa mimi mara nne. Mashine hiyo inaitwa modeli. Haikai ofisini kwetu. Inakaa kwenye wingu, maana yake kwenye kompyuta za kukodi zilizo mbali sana, ambazo hakuna mjumbe wa kamati aliyewahi kuziona ingawa wote tumeshaomba safari ya kwenda kuzikagua. Modeli husoma barua ya mlalamikaji na kuigongea muhuri: DHARURA au SUBIRI. Barua ya dharura hupewa namba, na kwa namba hiyo mafundi wetu wawili huwasha gari lao moja na kwenda. Barua ya kusubiri hupewa siku tisini za kazi. Mlalamikaji akiandika tena kabla siku hazijaisha, barua yake hurudishwa mwisho wa foleni na siku huanza kuhesabiwa upya. Kanuni hiyo niliitunga mimi, na watu wengi wamenitaja kwa ajili yake.

Modeli ilisomeshwa majalada yetu ya miaka ishirini ili ijue jinsi tunavyoamua. Yakatoka matoleo manne, na kamati ikayajaribu yote kwa barua zilezile. Hatukufanya mzaha. Kila toleo tulilifungulia jalada la utumishi, na toleo la kwanza, kwa kuwa lilitangulia kuajiriwa, tulilipa posho ya uzoefu kwenye makaratasi.

Toleo la kwanza lilijibu SUBIRI kwa kila barua bila kubagua mtu. Mjumbe mmoja mstaafu alipangusa macho. Alisema ni kama kusikia ofisi ya enzi zake. Toleo la pili liliita kila kitu dharura, hata barua ya bawabu aliyeomba zulia, nalo tukalipa likizo ya lazima. Toleo la tatu lilikubaliana na maamuzi yetu ya zamani kwa asilimia tisini na nane. La nne, asilimia thelathini na moja tu.

"Hapa hakuna mjadala," alisema Mkurugenzi. "La tatu linatuelewa. La nne ni kaidi."

Mtaalamu aliyetutengenezea modeli, mama mpole wa miwani minene, aliinua mkono. "Mkurugenzi, naomba niseme. Hilo la tatu halisomi shida ya mtu. Nimelichunguza. Linahesabu salamu na vyeo. Mtu akianza na Mheshimiwa Sana, akakuombea afya na maisha marefu, anapewa dharura. Anayesema tu kilichovunjika anaambiwa asubiri."

"Limejifunza wapi mambo hayo?"

"Kwenye majalada yenu."

"Basi lina adabu," alisema Mkurugenzi, na kamati ikapiga makofi.

Toleo la nne likaamriwa lizimwe. Lakini kuzima toleo kunahitaji fomu yenye sahihi tatu, na mwenye sahihi ya pili alikuwa safarini. Likabaki huko huko kwenye wingu, linasoma barua zote kimyakimya na kuzipanga kwa mstari, bila kuulizwa na mtu.

Hapo ndipo ninapolazimika kumtaja mwalimu mkuu wa shule moja ya msingi, mwanamke mrefu mwenye chaki kwenye mikono ya gauni, ambaye alikuwa amekuja dirishani kwangu mara tisa. Ukuta wa darasa lake la nne ulikuwa na ufa. Mara ya kwanza aliniambia ufa ule unaingia kalamu. Baadaye kidole. Siku ya tisa, Alhamisi, alinionyesha ngumi yake.

"Katibu, ngumi nzima. Ukuta umeegemea upande wa madawati. Tumeuwekea nguzo mbili za mbao, na moja imeshaanza kupinda. Mvua ikinyesha mara moja, nina watoto sabini mle ndani."

"Si uwahamishe, mwalimu?"

"Niwapeleke wapi? Darasa la tatu tayari wanasomea chini ya ngazi."

Nilimfungulia barua yake kwenye kompyuta. Ilikuwa na mistari mitatu: ukuta, ufa, watoto. Hakuna hata hujambo. Siri ya kamati ilinizuia kumweleza, lakini sina moyo wa jiwe. "Mwalimu," nilimwambia, "barua yako ni kavu kidogo. Ungeipamba."

"Nimesema ukuta unaanguka. Niupambe kwa nini?"

Nikamgongea SUBIRI ya tisa. Nakiri kwamba niliona aibu, jambo ambalo fomu yetu haina nafasi ya kulijaza. Yeye hakuondoka. Alikaa kwenye benchi, akatoa madaftari ya wanafunzi, akaanza kusahihisha.

Saa nne na robo lifti ikakwama na Mkurugenzi ndani yake, katikati ya ghorofa ya pili na ya tatu. Jengo letu nalo ni jengo la umma, na ufunguo wa lifti wanao mafundi wetu peke yao. Nilishuka ngazi mbio. Walikuwa uani, wameegemea gari, wanakunywa chai.

"Njooni, Mkurugenzi amekwama," niliwaambia.

"Pole yake," alisema fundi mkubwa. "Una namba?"

"Namba gani?"

"Ya dharura. Mlituandikia kwamba tukigusa kazi bila namba tunafukuzwa. Barua ninayo mfukoni, ina sahihi yako."

Barua ile niliiandika vizuri. Nilipanda ghorofa ya tatu, nikalala kifudifudi sakafuni. Mlango ulikuwa umeachia upenyo mdogo, na kupitia hapo niliona kipara cha Mkurugenzi kwa mara ya kwanza kutokea juu. Nilimshauri alalamike kwa simu. Akaandika: Nimekwama lifti. Njooni. Jibu likaja papo hapo: SUBIRI. Siku tisini za kazi.

"Wewe Katibu, mashine hii ina wazimu?"

"Hapana, Mkurugenzi. Hujasalimia."

"Nimsalimie nani? Barua zinakuja kwangu."

"Ndiyo hivyo. Ujisalimie."

Kwa kitambo nilisikia vidole vyake tu. Aliandika ukurasa mzima. Alijiita Mheshimiwa Sana mara sita, akajitakia afya njema yeye na familia yake, akaeleza kwa unyenyekevu kwamba amekalia kiti cha mwendesha lifti, feni inazunguka, lakini amekasirika. Ilikuwa barua nzuri. Modeli ikajibu kwamba ni barua ya marudio, imerudishwa mwisho wa foleni.

"Nani alitunga kanuni hii?"

Nilimwambia ni uamuzi wa pamoja.

Kufikia hapo watu walikuwa wamejaa kwenye ngazi. Mtaalamu alikuja na kompyuta yake mkononi, na mwalimu nyuma yake akiwa bado na kalamu nyekundu. Mtaalamu akainama. "Mkurugenzi, la nne bado liko hai. Lenyewe linasoma shida, halisomi salamu. Ukitaka tunalipa kazi sasa hivi."

"Lipeni hiyo kazi. Upesi."

"Kubadilisha toleo ni sahihi moja tu," nilisema, "ila lazima iwe yako, kwa wino."

Nilimteremshia fomu na kalamu kwenye upenyo. Alisaini bila kusoma, kama anavyosaini kila kitu, akazirudisha juu. Mtaalamu akabonyeza. Toleo la nne halikuhitaji hata dakika. Lilikuwa limeshasoma kila barua zamani. Lilichosubiri ni kuulizwa. Mashine ya kuchapisha ofisini kwangu ikaanza kutoa namba, nikaenda kuchukua karatasi.

Mafundi waliipokea namba ya kwanza, wakaisoma wote wawili, wakamwaga chai. Mwalimu alipoona kilichoandikwa alikusanya madaftari yake kifuani na kuwafuata garini karibu akikimbia. Nilisimama dirishani nikawatazama wakipakia nguzo na mifuko ya saruji. Nilifurahi, na sioni sababu ya kuficha.

Kisha nilirudi kulala kifudifudi.

"Wanakuja?"

"Umepewa namba, Mkurugenzi. Ni ya tisa. Imeandikwa: mtu mmoja, ana hewa, ana simu, ana kiti."

"Ya kwanza ni ya nani?"

"Ya ukuta."

"Waite warudi."

"Wameondoka na namba. Kumrudisha fundi mwenye namba ni kosa la nidhamu."

"Nani amesaini upuuzi huu?"

Nilimteremshia nakala. Aliishika muda mrefu karibu na uso, akiitazama sahihi yake. Nilisikia akishusha pumzi na kukaa tena kwenye kile kiti. Halafu, kwa sauti ya mtu anayetaka kweli kujua, akaniuliza ukuta wa darasa hutengenezwa kwa saa ngapi.