Mkanda Uliokataa Kutoa Upepo

Jumatatu, 3 Machi
Mkanda wa hewa umevuja. Ndio ule unaofungwa pajani na kujazwa upepo, damu isimsumbue daktari akipasua goti. Bahati nzuri tulikuwa tunaujaribu tu. Fyuu! Sista mkuu akaamuru utupwe. Akaongeza kwamba Ijumaa anateua msimamizi wa vifaa: mimi au shemeji, kaka wa mke wangu. Shemeji ana mwaka mmoja kazini. Mimi nina miaka kumi na moja na madaftari saba ya kumbukumbu za vifaa. Ushindani gani huo?
Nimeuokota mkanda pipani.

Jumanne, 4 Machi
Kiraka cha tyubu ya baiskeli. Gundi ya kutosha. Hata kwenye kile kitambaa cha kunatia kinachofunga mkanda, kwa usalama. Shemeji kachungulia, kauliza kama nimefungua kibanda cha pancha. Nikaongeza gundi. Nyumbani, mke wangu kasema nimwachie kaka yake cheo, ana familia changa. Na hii yetu imeokotwa?

Jumatano, 5 Machi
Jaribio rasmi. Nilihitaji paja la mtu makini. Langu. Nikajifungia stoo.
Kanuni ya chumba cha upasuaji: upepo ukijazwa, muda unaandikwa ubaoni na kutangazwa kwa sauti. Nikajiandikia, nikajitangazia. Dakika tano: ganzi. Kumi: matusi. Kumi na tano: kiraka hakijavuja. Ushindi!
Nikafungua upepo utoke. Wapi! Gundi ilikuwa imeziba tundu la kutolea. Nikabandua kitambaa. Hakibanduki. Kazi yangu huwa imara. Nikasimama nikafuate ufunguo wa mlango mezani. Mguu ukakataa, nikaenda chini kama gunia.
Kelele zangu zilifika wodi ya wazazi. Mkunga alikuja mbio na glavu zake. Shemeji alivunja mlango, akaukata mkanda kwa mkasi, akasoma ubao, akatazama saa.
“Dakika ishirini na mbili,” akatangaza. Akaandika ubaoni. “Shemeji, si ungeniita tu nikushikie saa?”

Ijumaa, 7 Machi
Kateuliwa shemeji. Eti ana utulivu. Utulivu! Mguu haukuwa wake.
Mkanda mpya umefika. Kwenye boksi shemeji kaandika jina langu, na chini yake: ASIGUSE. Mimi nimepewa kazi ya kutangaza muda. Nisimame chini ya saa ya ukutani, kasema sista mkuu, mikono nyuma.
Nimesimama. Saa ile inachelewa dakika mbili, na hakuna aliyegundua ila mimi. Bisibisi ninayo. Gundi imebaki nusu chupa.